Dengu Mfukoni mwa Haji Bayoumi

Kila asubuhi, kabla hajafungua jalada lolote, Meja Raafat Qandil alijitoboa kidole. Alisogeza gilasi ya chai pembeni, akafuta kidole gumba kwa pamba, akabonyeza kisindano, akagusisha tone la damu kwenye kikaratasi cha kupimia sukari, akasubiri mashine iseme. Baada ya hapo alimeza kidonge chake cha moyo cha rangi ya waridi, akakaa na pamba mkononi. Tangu daktari amwandikie kidonge hicho, damu yake haikuwa na haraka ya kukoma. Chai ilipoa akiwa bado anabana kidole. Majalada mengi ya kituo kile cha polisi cha Tanta yalikuwa na alama ndogo ya kahawia pembeni, na waliomfahamu walijua ni ya nani.

"Bado unaoga damu, Afande?" Sajini Shihata aliuliza kutoka mlangoni. "Watu wakipita hapa watasema unawapiga watuhumiwa."

"Waache waseme. Labda watakiri mapema."

Ndipo simu ilipolia, damu ikiwa bado inatoka.

Alikuwa mwendesha mashtaka. Kijana mwenye sauti ya mtu aliyelala vizuri.

"Meja, majibu ya maabara yamefika. Umeyaona?"

"Sijayaona."

"Mwili wa marehemu Bayoumi hauna dawa. Ile aliyoandikiwa baada ya kuwekewa wavu kwenye mshipa wa moyo, hakuna. Aspirini, hakuna. Karatasi za vidonge mlizozikuta nyumbani ni tupu, lakini mwilini hakuna kitu. Nani alikuwa akimpa dawa?"

"Mkewe."

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake."

"Basi. Alikuwa akiitoa dawa kwenye karatasi, akiitupa, akimpa mzee kitu kingine. Alasiri ya leo anahamishiwa gereza la wanawake."

Raafat alibadilisha pamba. "Juzi ulisema amemuua kwa insulini."

"Juzi maabara ilikuwa haijasema."

"Na mashine ya sukari ilituonyesha kwamba mzee alipoanguka sukari yake ilikuwa juu. Insulini nyingi ingeishusha."

"Kwa hiyo alibadili njia. Muuaji hana haki ya kubadili njia?"

"Nipe hadi alasiri."

"Alasiri ni alasiri, Meja. Sote tumetoka kwenye maulidi, sote tumechoka. Usinitafutie kazi ambayo imeshakwisha."

Simu ikakatwa. Damu ya kidole nayo ikakoma.

Maulidi ya Sayyid, walii wa mji, yalikuwa yamemalizika, lakini mji haukuwa umepumzika. Wafagiaji walikuwa bado wanakusanya karatasi za peremende katika vichochoro vilivyozunguka msikiti, na polisi walitembea kama watu waliosahau viatu vyao ni saizi gani. Haji Bayoumi alikuwa na duka la kukaangia dengu katika kichochoro kimojawapo. Jioni ya mwisho ya maulidi alishika kifua, akatokwa jasho jembamba la baridi, akaanguka sebuleni kwake. Mkewe wa pili, Inshirah, alikimbilia mashine ya sukari. Dada wa marehemu, Hajati Tafida, anayekaa ghorofa ya juu, alishuka akamkuta Inshirah amepiga magoti, sindano ya insulini iko kando yake. Kelele alizopiga zilijaza mtaa. Kituoni alitoa maelezo mafupi, akatia dole gumba. Mwendesha mashtaka aliyapenda maelezo hayo kiasi cha kuyarudia kwa kila mtu: "Mkono uliokuwa ukimhudumia ndio uliomuua."

"Tunaanzia wapi?" Shihata aliuliza.

"Kwa maiti," Raafat alisema. "Hana haraka wala hana upande."

*

Lifti ya jengo la uchunguzi wa maiti ilikuwa haifanyi kazi. Walipanda ngazi, Raafat akasimama mara mbili kushika ukuta. Daktari Madiha Asfour alikuwa amekaa juu ya kiti kirefu, anakula mkate na jibini, miguu nje ya viatu.

"Lifti yako imekufa," Raafat alimwambia.

"Imekufa zamani, na hakuna aliyeniletea niipasue. Kaa. Umekuja kwa ajili ya muuza dengu."

"Mwendesha mashtaka anasema mwilini hamna dawa."

"Anasema kweli. Hilo ni moja." Alifuta vidole, akavuta picha kubwa kutoka kwenye bahasha, akaiweka mezani. "Hili hapa la pili. Unaona donge hili ndani ya ule wavu wa chuma? Liangalie rangi."

"Jeupe."

"Jeupe. Donge la damu iliyotuama huwa jekundu. Hili limejengwa na chembe sahani. Zile chembe ndogo kabisa za damu zinazoziba majeraha. Ukijikata, ndizo zinazofika kwanza, zinashikana mikono, damu inakoma."

"Na zilikuwa zinatafuta nini ndani ya moyo?"

"Jeraha. Wavu ni chuma, na kwa chembe sahani chuma ni jeraha lisilopona. Ndiyo maana mtu anapewa vidonge, ili zisione." Alimtazama Raafat kidole gumba, chenye alama mpya nyekundu. "Wewe una sukari. Huyu alikuwa na sukari kwa miaka. Sasa sikiliza. Mtu mzima wa afya, chembe sahani zake ni kama askari waliolala kambini. Pakitokea jeraha wanaamka, wanafanya kazi, wanalala. Za mgonjwa wa sukari hazilali. Zimekaa macho, zina hasira, kitu kidogo tu zimerukia. Sukari imezipaka, zinanata kama vidole vya mtoto aliyetia mkono kwenye halawa. Tena mwili unazizaa upya haraka kuliko kawaida. Kidonge cha jana kimezifunga za jana. Za leo zimezaliwa hazijakisikia."

"Kwa hiyo akiacha vidonge."

"Mtu mwingine akiacha, pengine ana muda wa kutubu. Mtu wa sukari, mwenye wavu mchanga kwenye moyo, siku chache zinamtosha."

Shihata alikohoa. "Siku ngapi, Daktari?"

"Chache, mwanangu. Mimi nimeona donge, sikuona kalenda."

Raafat alisimama, akashika kiti. "Kuna la tatu?"

"Sijui kama ni la tatu. Marehemu alikuwa na manyoya mwili mzima, Mungu amrehemu, kama blanketi la jeshi. Lakini hapa..." Aligeuka, akagusa katikati ya mabega yake mwenyewe. "Hapa pamenyolewa. Safi kabisa. Kwa wembe, siku ileile au jana yake. Ngozi haina mkwaruzo wala alama ya kitu kingine. Hospitali humnyoa mtu kifua wakitaka kupima moyo. Mgongo?"

Akaurudia mkate wake. "Huo nimekuachia wewe."

*

Inshirah aliletwa katika chumba cha mahojiano akiwa amevaa nguo nyeusi ya kuazima, fupi mikononi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, na kabla ya kuolewa alikuwa akiwachoma sindano wagonjwa wa mtaa mzima. Hakungoja aulizwe.

"Wameshamzika?"

"Atazikwa leo baada ya adhuhuri," Raafat alisema.

"Na eda nitaikalia wapi, Afande? Niambieni tu nijue. Mwanamke anakaa eda nyumbani kwa mumewe. Mimi nitaikalia gerezani, katikati ya wezi wa mifuko?"

"Nisaidie usiikalie huko. Jioni ulikuwa unampa vidonge gani?"

"Viwili. Kile cha waridi cha moyo na kile kidogo cheupe cha aspirini. Baada ya chakula cha jioni. Namtolea kwenye karatasi, namwekea mkononi, anatupia mdomoni, namshikia gilasi ya maji."

"Ulimwona akimeza?"

"Namwona anakunywa maji. Mtu mzima, Afande, amehiji. Ningemfungua mdomo kama mbuzi wa mnadani?"

Shihata alitabasamu, akaona uso wa mkuu wake, akaacha.

"Wiki ile ya mwisho kulikuwa na chochote kilichobadilika? Chakula, usingizi, damu?"

Inshirah alifikiri. "Kulikuwa na kitu, lakini ni kitu cha kijinga."

"Leo nimeamka kwa ajili ya vitu vya kijinga."

"Kidole chake. Siku zote nikimtoboa kupima sukari, damu inajaa kikaratasi na bado inatoka. Nakaa nimembania pamba, yeye ananisimulia habari za duka, nani kakopa dengu, nani kagombana na mkewe. Yalikuwa ndiyo mazungumzo yetu ya siku." Alibana ncha ya kidole chake. "Wiki ile natoboa, kikaratasi hakijashiba, damu imeshajifunga. Natoboa mara ya pili. Nikamwambia, Haji, una nini? Akacheka. Akasema, unaona? Damu yangu imepona."

Raafat aliangalia kidole chake gumba. Alama ya asubuhi ilikuwa bado ina unyevu.

"Alisema hivyo? Imepona?"

"Kwa furaha kabisa."

"Nani alimnyoa mgongo?"

Aliinua macho. Hakuonekana mwenye hofu, alionekana amekosewa adabu. "Mgongo? Mgongo wa mume wangu haukunyolewa. Ulinyolewa mara moja tu, alipokwenda kupigwa chuku atolewe damu, kabla ya Ramadhani. Na siku hiyo nusura tumzike. Vidonge vilikuwa mwilini, damu ikatoka mpaka shuka ikalowa, kinyozi akaogopa kuliko yeye. Daktari wa moyo akamwambia hijama basi, mpaka nikuruhusu."

"Na yeye akakubali?"

"Alikubali kwa mdomo. Kuna watu nyumba ile wakimwambia damu yako imekuwa nzito kama sharubati, itoe, anawasikiliza kuliko daktari."

"Watu gani?"

Inshirah alivuta mikono ya nguo, haikufika. "Mimi ni mke wa pili, Afande. Sisemi watu. Nikisema watu, nitaambiwa ndiyo maana nimemuua."

Raafat alifunga jalada. Mlangoni aligeuka. "Siku aliyoanguka alivaa nini?"

"Kanzu yake ya kijivu. Maulidi yote huvaa hiyo hiyo, hakubali niifue mpaka yaishe, anasema ina baraka. Mfuko wake umejaa dengu zilizopakwa sukari za kuwagawia watoto. Mimi mfuko ule siugusi. Nikiugusa anasema namkagua kama askari wa forodha."

*

Chumba cha vielelezo kilikuwa na joto na harufu ya soksi. Koplo aliyekitunza alileta mfuko wa karatasi, akasoma kilichoandikwa juu yake bila kuangalia. "Kanzu ya kijivu, moja. Tasbihi, moja. Kitambaa, kimoja. Peremende."

"Peremende gani?"

"Dengu za sukari, Afande." Koplo alitia mkono mfukoni mwake mwenyewe, akatoa kiganja kilichojaa dengu za waridi na nyeupe. "Hizi hizi. Tanta wiki ya maulidi, nani hana? Karibu."

"Nina sukari."

"Samahani, Afande."

Raafat alikunjua gazeti kukuu mezani, akaishika kanzu kwa pindo, akaukung'uta mfuko wake wa ubavuni. Dengu zilimwagika, za waridi na nyeupe, zikabingirika huku na huku. Shihata alizikinga kwa viganja zisianguke chini. Zilipotulia, Raafat aliinua upande mmoja wa gazeti polepole. Dengu zikabingirika tena, zikateremka zote upande wa pili.

Vitu vingine havikubingirika. Vilibaki palepale katikati ya gazeti.

"Lete taa," Raafat alisema.

Vilikuwa bapa. Vyeupe vidogo vilikuwa vimemomonyoka kingo, kama chumvi iliyopata unyevu. Vya waridi vilikuwa vimelambwa rangi upande mmoja, vikabaki na mabaka. Raafat aligeuza mfuko nje ndani. Kitambaa cha mfuko kilikuwa na doa la waridi, juu ya doa jingine, juu ya doa jingine.

Alitoa karatasi yake ya vidonge kwenye koti, akasukuma kimoja kikatoka, akakiweka kando ya vile. Koplo aliinama kutazama. Rangi yake ya uso ikabadilika.

"Afande, naapa nilidhani..."

"Kila mtu Tanta angedhani."

Shihata alikuwa bado ameshika dengu viganjani. "Kwa hiyo anavipokea, anaviweka chini ya ulimi, anakunywa maji. Mkewe akigeuka, mfukoni."

"Kila jioni."

"Mwanamke hakumnyima dawa."

"Hakumnyima."

"Lakini mtu anajiibia dawa yake mwenyewe kwa nini?"

"Ili mgongo wake unyolewe," Raafat alisema. Alijipangusa jasho. "Kimoja nakichukua, vingine vyote funga, tia lakiri, na wewe koplo andika upya. Andika vidonge. Kisha twende kwa kinyozi, kwa miguu. Njia imefungwa na mahema."

*

Fundi Zenhom alikuwa anamnyoa mteja ndevu. Alipowaona, wembe ulisimama shingoni mwa mteja.

"Maliza," Raafat alimwambia. "Usije ukanifungulia jalada jingine."

Mteja alitoka na povu sikioni. Raafat alikaa kwenye kiti kilichoachwa, akafumba macho. Ukutani, nyuma ya pazia, kulikuwa na rafu ya vikombe vya kioo vya kupigia chuku, vimepangwa kwa ukubwa.

"Ulimnyoa Haji Bayoumi mgongo."

"Nani kasema?"

"Mgongo wenyewe."

Fundi Zenhom alikunja taulo, akalikunjua. "Afande, mimi sina kibali cha hijama. Nikisema neno mtanifunga. Nina mabinti."

"Sikuja kwa ajili ya kibali."

"Sikumtoa damu. Naapa kwa Sayyid, sikumgusa na wembe wa damu. Nilimnyoa tu. Alitaka awe tayari, alfajiri ya pili yake ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mwezi umefika kumi na saba, siku ya sunna. Alfajiri nasikia amefariki."

"Kabla ya Ramadhani alikuloweshea shuka kwa damu."

"Umeshaambiwa." Kinyozi alikaa. "Tangu siku ile nimeapa. Mtu wa vidonge vya damu simpigi chuku. Nilimwambia waziwazi: Haji, nenda kamuulize daktari wako, akikuruhusu karibu. Na usiache dawa kwa kichwa chako."

"Akasemaje?"

"Yeye alikuwa anatazama chini tu. Aliyesema ni yule aliyekuja naye. Akasema, ondoa wasiwasi fundi, vidonge ameshaacha, wiki nzima hii hamezi. Wewe andaa vikombe vyako."

"Nani?"

Fundi Zenhom aliutazama mlango. "Dada aliyemlea, Afande. Kuna mwingine?"

*

Hajati Tafida aliwapokea sebuleni, ghorofa ya juu. Wanawake waliokuja kutoa pole walikuwa wameondoka kwenda kuandaa chakula cha matanga. Kutoka chini ilipanda harufu ya dengu zinazokaangwa, kwa maana duka halikufungwa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu, ameshika tasbihi lakini hahesabu. Alimwagia Raafat kahawa chungu bila kuuliza.

"Mmempeleka?" aliuliza.

"Nani?"

"Yule."

"Bado, Hajati. Alasiri."

"Mungu hachelewi."

Raafat alionja kahawa. "Ulisema mkono uliokuwa ukimhudumia ndio uliomuua. Nimekuja nielewe. Ulikusudia sindano?"

"Nilisema nililosema."

"Si sindano. Sukari ilikuwa juu."

"Mimi mzee, mwanangu. Mambo ya juu na chini mwulize daktari."

"Nimemuuliza. Anasema mshipa wa moyo uliziba kwa sababu Haji hakuwa anameza vidonge."

"Si ndiyo hivyo? Alimnyima."

"Hakumnyima, Hajati."

Raafat alitoa bahasha, akachukua kidonge kimoja cha waridi chenye mabaka, akakiweka kwenye kisahani cha kahawa, mbele yake. Hajati Tafida alikitazama. Shihata, aliyesimama karibu na dirisha, aliacha kujikuna.

"Dengu," Hajati alisema.

"Ibingirishe."

Hakuigusa.

"Vilikuwa mfukoni mwake," Raafat alisema. "Katika kanzu ya kijivu. Wiki nzima. Na mgongo wake ulikuwa umenyolewa. Fundi Zenhom nimetoka kwake sasa hivi."

"Zenhom ni mwongo. Baba yake alikuwa mwongo."

"Hajati."

"Tena mlevi."

"Hajati, muda wangu ni mfupi. Gari la gereza linakuja baada ya sala. Ukikaa kimya litamchukua mwanamke ambaye hajamwona mumewe akizikwa. Ukisema, leo atalala nyumbani kwake, akae eda yake. Kwako wewe sina kesi ya kuua. Hakuna sheria ya kumfunga dada aliyemwambia ndugu yake aache dawa. Sitaki kukupeleka popote. Nataka useme tu."

Hajati aliibana tasbihi kiganjani. Chini dengu ziligonga chuma cha sufuria.

"Unajua mama yetu alikufa yeye akiwa ananyonya?" Hajati Tafida alisema. "Nilikuwa msichana wa kuchezea vumbi. Nilimtafunia mkate nikamtilia mdomoni. Sikuolewa mapema, niliogopa mume atamfukuza. Nikaolewa nimechelewa, nikaachika mapema, nikarudi kwake. Mke wa kwanza tulielewana, alijua mimi ni nani. Huyu alikuja na mkoba wa sindano. Dada, usimpe halawa. Dada, usimpe wali. Dada, hiki kina sukari, dada, kile kina chumvi. Kila nilichopika kilirudi juu na sahani yake. Akawa anampima, anamchoma, anamlisha vidonge, amekaa amemshika kidole. Kidole! Kila jioni wameshikana kidole wanaongea. Mimi juu hapa nasikia wanacheka."

Raafat hakuandika kitu.

"Mimi najua hijama. Baba yetu alikuwa na damu nzito, ikatolewa, akaishi. Nikamwambia Bayoumi, damu yako imejaa sukari, itoe. Akasema, vidonge. Nikamwambia viache, ni wiki moja tu, Mungu hashindwi kukulinda wiki moja. Akasema, Inshirah atanuna. Nikamwambia, basi asijue."

"Ukamfundisha chini ya ulimi."

"Hilo alilijua tangu utotoni. Nilikuwa nikimpa dawa ya minyoo, anafanya hivyo hivyo." Alivuta ncha ya mtandio wake. "Siku ile alipanda hapa asubuhi. Akasema, Abla, dada yangu, naona kidole hakitoki damu tena, nimepona. Nikafurahi. Nikampikia wali wa maziwa. Akaula wote."

Kutoka msikitini muadhini alikohoa kwenye kipaza sauti, akianza kujiandaa. Shihata alitazama saa, akamtazama mkuu wake.

"Ulijua lini?" Raafat aliuliza.

"Niliposhika mkono wake wa baridi. Nikamwona yule amepiga magoti, na sindano yake, analia. Nikapiga kelele." Aliangalia kisahani. "Mtu akipiga kelele kwanza, watu hawamuulizi kitu."

"Na kituoni? Mkono uliokuwa ukimhudumia. Ulikusudia mkono gani, Hajati?"

Aliweka tasbihi mezani. Aliinyoosha mikono yake miwili juu ya magoti, viganja juu, akaitazama kama mtu aliyeletewa mikono ya mwingine aithibitishe.

"Huu," alisema. "Nilitaka apone kwa mkono wangu. Afe au apone, lakini si kwa mkono wa yule. Nilitaka awe wangu."